Siku ya Kuhama: Ujira, Chakula na Bakshishi ya Wabeba Mizigo

Gari limesimama mbele ya nyumba mpya huko Naliendele, saa nane ya mchana, na jua la Mtwara halina huruma. Kitanda, godoro na viti vimekwisha kushushwa. Friji, kabati la nguo na mtungi wa gesi vingali juu ya bodi. Hapo kijana mmoja kati ya watatu waliopakia vyombo asubuhi kule Magomeni anaketi ukingoni mwa gari na kumwambia mwenye mali: "Mama, tangu alfajiri hatujatia kitu tumboni. Tupatie ya kula kwanza, halafu tumalizie." Mama anashangaa, kwa maana fedha yote aliyoelewana na dereva amekwisha kuilipa. "Mwanangu, mimi nimeshamlipa mwenzenu." Kijana anamtazama dereva, dereva anatazama simu yake. Majirani wapya wametoka vibarazani kuangalia. Mama, ambaye hapendi kuyaanza maisha ya mtaa mgeni kwa ugomvi, anafungua mkoba na kutoa noti aliyokuwa ameitenga kwa ajili ya LUKU.

Tukio la namna hii si lazima liwe na mwizi ndani yake. Huenda kijana anasema kweli kwamba hajala. Huenda mama anasema kweli kwamba amelipa kila alichoahidi. Kilichokosekana ni maneno machache ambayo yalipaswa kusemwa kabla kitu cha kwanza hakijanyanyuliwa, na makala hii inahusu maneno hayo.

Tutoe jibu mapema. Anayekodi wabeba mizigo halazimiki kuwalisha wala kuwapa bakshishi, isipokuwa kama aliahidi. Ujira mliokubaliana ni deni, na hulipwa hata kama kazi haikukufurahisha sana. Chakula ni sharti kama mlikitaja, na ni ukarimu kama hamkukitaja. Bakshishi ni hiari yako peke yako, na mahali pake ni mwisho wa kazi. Maji ya kunywa hatuyahesabu humo, tutayarudia mbele.

Desturi ilikotoka

Watu wa pwani ya kusini hawakuanza jana kulishana wakati wa kazi. Katika ujima, majirani huja kulima, kuezeka nyumba au kusukuma chombo majini bila malipo, na mwenye kazi hupika. Chakula hicho si mshahara. Ni ahadi isiyotamkwa kwamba kesho naye atakwenda kwao. Ndugu na marafiki wanaokuja kukusaidia kuhama wamo katika desturi hii, na kuwaacha warudi makwao na njaa ni aibu ambayo hakuna kijitabu kitakachokuondolea.

Mtu wa kukodiwa yumo katika desturi nyingine, nayo pia ni ya kale. Mikindani ilikuwa bandari ya misafara ya bara kabla mji wa Mtwara wa leo haujajengwa. David Livingstone alishuka hapo mwezi Machi 1866 alipoanza safari yake ya mwisho. Wapagazi wa misafara ya karne ile walijua kupambanua mambo. Kulikuwa na ujira, na kulikuwa na posho, yaani chakula cha kila siku kilichopimwa kwa kibaba, au nguo na shanga za kukinunulia njiani. Posho ilikuwa sehemu ya mapatano. Msafara ulioshindwa kuitoa ulikimbiwa na wapagazi wake, na waliokimbia hawakuwa wakidai zawadi.

Bakshishi ilikuwa kitu cha tatu. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, na shina lake ni la kutoa kwa ukarimu. Kiswahili kilikuwa pia na kilemba, zawadi aliyopewa fundi kazi ilipokwisha au mwanafunzi wake alipofuzu. Leo neno hilo limehamia kwingine: mpangaji wa fremu ya duka anapodaiwa kilemba, anadaiwa fedha ya kuingilia, tena kabla hajakabidhiwa ufunguo. Neno lililokuwa la shukrani limegeuka la sharti. Ndivyo inavyoweza kuipata bakshishi ya siku ya kuhama, ikiwa kila mtu ataitoa kwa sababu ya macho ya majirani.

Kwingine duniani imekwisha kuipata. Nchini Marekani sheria ya shirikisho humruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, kwa hesabu kwamba fedha za wateja zitakijaza hadi kima cha chini. Mteja wa huko anapotoa bakshishi anadhani anamshukuru mhudumu, kumbe kwa sehemu anambebea mwajiri mzigo wake. Twende polepole kabla hatujafika huko.

Ni nani anamlipa nani?

Mtu anayehama kutoka Chuno kwenda Mikindani, au kutoka Ligula kwenda Naliendele, kwa kawaida hakodi kampuni. Hukodi gari. Mwenye vyombo vichache huchukua guta au kirikuu. Mwenye familia huchukua gari kubwa zaidi, na mwenye vyumba vitatu na makochi mawili hutafuta fuso. Dereva huja na utingo wake, au hupita kijiweni na kuokota vijana wawili watatu. Vijana hao ni vibarua wa siku. Hawana mkataba wa maandishi, na mara nyingi hawakuwapo wewe na dereva mlipoelewana bei. Hapo ndipo ugomvi wa chakula na bakshishi unapozaliwa.

Tuseme umeelewana na dereva shilingi 90,000 "kwa kila kitu". Wewe umeelewa kwamba kila kitu ni gari, mafuta, kupakia, kushusha na kuingiza ndani. Dereva, kichwani mwake, ametenga 60,000 za gari na mafuta na 30,000 za vijana watatu. Akiwaeleza vijana hivyo tangu mwanzo, kila mmoja anajua kwamba ana 10,000 yake na hana deni na wewe. Lakini akiwaambia, "Twendeni, mama atawaona," hesabu imebadilika bila wewe kuwapo. Sasa kila kijana anakuja akiamini kwamba sehemu ya ujira wake imo mkobani mwako. Ukimnyima, unamdhulumu kwa macho yake; ukimpa, umelipa mara mbili. Aliyenufaika ni dereva peke yake, naye ndiye anayetazama simu.

Kwa hiyo swali la kwanza haliulizwi juu ya bei bali juu ya kilichomo ndani ya bei, tena liulizwe mbele ya wote watakaobeba. Je, bei hii ina vijana ndani yake, na ni wangapi? Nani anawalipa, wewe dereva au mimi? Ni kupakia tu, au kupakia na kushusha hadi chumbani? Gari lisipofika mlangoni, nani anabeba kutoka barabarani, na kwa nyongeza gani? Chakula cha mchana kimo au hakimo? Dereva mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo. Kwa kweli yanamwokoa yeye pia. Anayechukizwa, mwache apite, utafute mwingine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inayatambua pia mapatano ya mdomo, hivyo dereva hawezi kuruka kwa kusema hamkuandikiana. Taabu ya mapatano ya mdomo ni ushahidi. Si lazima umwite mwanasheria kwa safari ya kilometa kumi. Ujumbe wa simu unatosha. Unaweza kumwandikia hivi: "Kaka, kama tulivyoongea: Jumamosi saa 1 asubuhi, Magomeni hadi Naliendele, jumla 90,000, gari na vijana watatu, kupakia na kushusha hadi ndani. Vijana unawalipa wewe. Chakula nitatoa 3,000 kila mmoja tukimaliza. Nijibu kama ni sawa." Akijibu "sawa", mna mkataba unaosomeka.

Watumishi wa umma waongeze jambo moja. Mtumishi anayehamishwa na mwajiri, tofauti na anayeomba uhamisho mwenyewe, hugharimiwa usafirishaji wa mizigo kwa mujibu wa taratibu za utumishi. Gharama hiyo huthibitishwa kwa stakabadhi. Dai stakabadhi ya kiasi kamili cha usafiri, na usikubali sehemu yake igeuzwe kuwa "ya vijana" isiyoandikwa popote, kwa maana hiyo itatoka mfukoni mwako. Walimu wanaopangiwa shule za mbali na mji hupata hasara hii mara nyingi kuliko wanavyosema.

Msimu nao una neno lake. Korosho zinapoanza kuteremka kutoka vyama vya msingi kwenda maghalani, kuanzia Oktoba, magari ya mizigo huwa na kazi nyingi na bei huweza kupanda. Dereva anaweza kukushawishi kwa bei ya chini ya gari huku akitarajia kufidia kwa madai ya chakula na ya "asante" njiani. Bei ya juu iliyosemwa wazi ni nafuu kuliko bei ya chini yenye mkia.

Maji, kisha chakula

Turudi kwenye maji. Kati ya Novemba na Machi joto la pwani yetu, pamoja na unyevu wake, humkausha mtu anayebeba kabati ghorofani kwa kasi ambayo mwenye kabati haioni. Aliyeishiwa maji mwilini hulegea mikono, huona kizunguzungu, na kitu cha kwanza kuponyoka huwa ni friji yako au mguu wake. Hivyo weka dumu la maji safi ya kunywa na vikombe mahali pa wazi, si jikoni ambako mgeni ataona haya kuingia, na useme tangu mwanzo kwamba maji ni yale pale. Hili si suala la ukarimu. Ni sehemu ya kazi kufanyika salama, kama kamba na shuka za kufungia vioo.

Chakula ni jambo jingine, na hapa tuna maoni. Kati ya kupika, kununua na kutoa fedha, fedha iliyotajwa mapema ndiyo njia bora kwa watu wengi. Mwanamke au mwanamume ambaye sufuria zake zimo ndani ya gunia, na jiko lake limefungwa kamba juu ya gari, hawezi kuwapikia wali watu watano bila kuharibu siku yake. Fedha humwachia kila mtu achague anachokula na wakati wa kula, na hesabu yake haina utata. Ndiyo posho ile ile ya zamani, imebadilisha tu sura.

Ukipenda kununua, mama lishe wa karibu atakuokoa: chapati na maharage, mihogo na samaki wa kukaanga, wali na mchuzi. Angalia saa ya kuwapa. Kazi ikiwa fupi, chakula kitolewe kazi ikiisha. Ikiwa ndefu, kama vile kupakia Mtwara mjini na kushusha Nanyamba au Tandahimba, mahali pake ni baada ya kupakia, gari likiwa limefungwa, kabla ya safari. Sahani ya ugali katikati ya kushusha huvunja mwendo wa kazi, na aliyetoka kula sasa hivi hapendi kuinama chini ya kabati.

Mwezi wa Ramadhani unataka busara. Wengi wa wabeba mizigo wa pwani hii ni Waislamu na huenda wamefunga, ingawa kazi ni nzito. Usimshurutishe mtu kunywa wala kumhoji kwa nini hanywi au kwa nini anakunywa. Panga kazi ianze mapema asubuhi, iishe kabla jua halijawa kali, na badala ya chakula cha mchana toa kitu cha futari ambacho atakwenda nacho nyumbani.

Pombe isiwepo kabisa. Mabibo yakiwa yameiva, uraka hupatikana kwa bei ndogo, na wapo wanaodhani kwamba kikombe kimoja huwapa vijana nguvu. Nguvu hiyo huishia katika ngazi. Dereva aliyeonja atakuwa na mali yako yote mgongoni mwake barabarani.

Kosa la upande wa pili nalo tuliseme, maana wateja pia wana hila zao. Yupo anayewalisha vijana vizuri, kisha wakati wa malipo anasema, "Si mmekula?" na kupunguza shilingi elfu tatu kwa kila kichwa. Hilo haliruhusiwi. Chakula ambacho hukusema kwamba kitakatwa kwenye ujira hakikatwi kwenye ujira. Lugha ya sheria humwita mtumiaji wa bidhaa na huduma "mlaji", na jina hilo linampendeza mtu wa aina hii kupita kiasi.

Bakshishi yenyewe

Hakuna kiwango cha bakshishi kilichowekwa na sheria, wala hatupendekezi asilimia. Ushauri wetu ni huu: asubuhi ya siku ya kuhama, kabla hujachoka na kabla hujazungukwa, amua moyoni kiasi ambacho ukikitoa hakitakuumiza, hata kama ni sifuri, na uweke noti ndogo ndogo mfuko tofauti na ule wa ujira. Mtu anayetafuta chenji mbele ya vijana wanne hutoa zaidi ya alivyokusudia, na anayetoa kwa haya hachukui muda kabla ya kulalamika.

Usiitoe mwanzoni. Wapo wanaotoa kitu kidogo asubuhi "ili wasivunje vyombo". Uangalifu ni sehemu ya kazi uliyoilipia. Ukiununua kando, umekiri kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya kazi ya hovyo. Toa baada ya kitu cha mwisho kuingia ndani na baada ya kukagua vioo, milango ya friji na miguu ya meza. Ukikuta kitu kimevunjika, usikate fedha ya mtu kwa hasira wala usimnyamazie kwa huruma. Mwonyeshe dereva hapo hapo, piga picha, mkubaliane fidia na mwenye kupokea bei ya kazi, yaani yeye, si kijana ambaye huenda analipwa elfu kumi kwa siku nzima.

Mpe nani? Mpe kila mmoja mkononi, au tangaza kiasi mbele ya wote. Fedha inayokabidhiwa dereva "awagawie vijana" inaweza kufika, na inaweza isifike, na wewe hutajua kamwe. Kama unalipa kwa simu, tarajia swali ambalo kila Mtanzania analijua: "Na ya kutolea?" Gharama ya kutoa fedha kwa wakala si bakshishi, ni gharama ya njia ya malipo, nayo inafaa isemwe mapema nani anaibeba. Kwa vijana watatu, kutuma mara tatu na kulipia ya kutolea mara tatu kunaweza kula sehemu nzuri ya shukrani yako. Fedha taslimu ina faida siku hiyo.

Kuna kazi ambayo watu huilipa kwa bakshishi, kumbe ni kazi ya ziada inayostahili ujira. Mtu anayehamia Msangamkuu hupita kivuko kutoka Msemo, na nauli ya gari na ya watu ni gharama inayojulikana, kwa hiyo iandikwe ndani ya bei. Kivuko kikikawia, muda wa kungoja nao una thamani. Anayeelekea Msimbati atakutana na mchanga, na gari likizama vijana watashuka kusukuma na pengine kupakua nusu ya vyombo na kupakia upya. Usiwaambie wakati huo kwamba utawaona baadaye. Sema kiasi, wakubali au wakatae, kisha wasukume. Ukimaliza safari na ukaona bado una neno la shukrani, hilo ndilo bakshishi, na litapokewa kwa namna nyingine kabisa.

Msomaji atauliza kama bakshishi haifanani na rushwa, na swali hilo nchini mwetu lina historia yake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu wagombea kutoa takrima, yaani ukarimu wa kimila, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Tangu hapo neno takrima limekuwa na kivuli. Lakini tofauti si ngumu kuiona. Mbeba mizigo ni mtu binafsi uliyemkodi. Ukimwongezea baada ya kazi, hujamshawishi avunje wajibu wake kwa mtu yeyote. Mtumishi wa umma yuko katika hali nyingine. "Ya maji" anayopewa mtu wa zamu ili gari lako litangulie foleni, au anayopewa mkaguzi barabarani ili asione kwamba mzigo umezidi, imo katika mambo yanayokatazwa na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Dereva akikuomba fedha ya namna hiyo akiiita gharama ya safari, mkatalie. TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa simu namba 113.

Watoto wanaojitolea

Jambo hili tungelipita kama lisingekuwa la kawaida mno. Gari la vyombo likisimama mtaani, watoto hukusanyika, na wawili watatu huomba kubeba viti. Mtoto wa jirani anayekusaidia kuingiza mto na ndoo anakukaribisha mtaani; mshukuru. Lakini mvulana wa miaka kumi na mitano anayewekwa upande wa pili wa kabati kwa malipo ya soda na chapati ni mfanyakazi, na amelipwa chakula badala ya ujira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kuwekwa katika kazi ya hatari. Dereva akija na kijana ambaye umri wake unakutia shaka, uliza kabla gari halijaondoka. Mgongo ulioumia katika umri huo huumia kwa maisha yote, na anayebeba upande wa juu wa friji ngazini si yeye anayeumia peke yake linapoteleza.

Wakikataa kushusha

Tumrudie mama wa Naliendele, aliyetoa fedha ya LUKU. Angeweza kufanya nini?

Mbeba mizigo ana haki ya kudai ujira aliokubaliana. Hana haki ya kuzuia mali ya mtu kwa ajili ya chakula au bakshishi ambayo hakuahidiwa. Ridhaa inayopatikana kwa kumbana mtu si ridhaa huru, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya mtoa huduma anayempotosha kuhusu bei. Hayo ni ya kisheria. Kwa vitendo, mama aanze kwa kuwatenganisha wahusika. Asibishane na kijana aliye juu ya gari, amwite dereva kando, amwonyeshe ujumbe wa simu, na amuulize kwa upole: "Baba, vijana umewaambia nini?" Mara nyingi jibu hupatikana hapo. Kama kweli vijana hawajala na hawajaahidiwa kitu, na mama ana uwezo, anaweza kuwapa cha kula kwa ukarimu wake, akisema wazi mbele ya dereva kwamba anatoa kwa hiari na kwamba bei haijabadilika. Asifanye hivyo kwa kutishwa.

Ni afadhali pia sehemu ya malipo ibaki mkononi hadi kazi iishe. Kulipa yote wakati wa kupakia ndiko kulikomwacha mama yule bila nguvu. Nusu asubuhi kwa ajili ya mafuta, nusu vyombo vikiwa ndani, ni utaratibu ambao madereva wengi huukubali ukitajwa tangu mwanzo.

Mazungumzo yakishindikana, usipande garini kushusha mwenyewe wala usishikane na mtu. Andika namba ya usajili ya gari, piga picha ya vyombo vilivyo juu yake, na umpigie mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kuja kwake peke yake hutosha mara nyingi, kwa sababu dereva wa Mtwara atataka kurudi kufanya kazi katika mtaa huo huo kesho. Gari likiondoka na mali yako, hilo ni jambo la polisi bila kuchelewa. Malalamiko juu ya udanganyifu wa bei yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani. Yanayohusu gari la biashara na leseni yake, kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Na dai la fedha au la chombo kilichovunjika, kwa Mahakama ya Mwanzo. Kote huko utaulizwa vitu vile vile: tarehe, namba ya gari, ujumbe wa mapatano na kumbukumbu ya malipo. Usivifute kwenye simu hadi angalau uwe umefungua gunia la mwisho.

Namba ya mwenyekiti itafute kabla ya siku yenyewe. Mkazi mgeni hupaswa kwenda kujitambulisha ofisini kwake hata hivyo. Nenda siku mbili kabla ya kuhama, umwambie gari litakuja lini na litasimama wapi.